Kurudi Uganda na kutafuta kazi ya kufundisha kompyuta: mwongozo kamili

Anayerudi nyumbani na digrii ya kompyuta hudhani shule zitagombania ujuzi wake. Mkuu wa shule ana hesabu nyingine. Anataka mwalimu aliyesajiliwa, anayeweza kuwavusha watahiniwa kwenye karatasi ya vitendo ya UNEB (baraza la mitihani la Uganda), na ambaye mashine zikigoma Jumatatu asubuhi atazifufua kabla kengele haijalia. Digrii nzuri bila hayo hukaa kwenye faili.

Kazi hii ina foleni za ofisi, na ofisi moja haikupokei bila barua ya nyingine. Ukikosea mpangilio unapoteza muhula mzima.

Kabla hujapanda ndege au basi

Yapo mambo rahisi kuyafanya ukiwa bado huko, na magumu sana ukishafika Kampala.

Chukua cheti halisi cha digrii na transkripti yenye mhuri. Omba pia barua ya msajili wa chuo inayotaja ulisoma lini mpaka lini, na kama ulisoma darasani au kwa masafa. Barua hiyo wengi huiacha, nayo ndiyo hujibu maswali mapema, hasa kwa digrii iliyosomwa mtandaoni.

Chukua cheti cha polisi cha nchi ulikoishi. Uingereza hutolewa na ACRO, ofisi ya rekodi za uhalifu, na walimu waliofundisha huko huomba kile maalumu cha ulinzi wa watoto kinachoitwa ICPC. Kenya hutolewa na DCI, idara ya upelelezi, na huombwa kupitia eCitizen. Alama za vidole ukizitoa ukiwa bado huko ni kazi ya asubuhi moja. Ukishavuka mpaka inakuwa safari ya barua na mabalozi. Cha Uganda chenyewe utakipata baadaye kwenye ofisi ya Interpol ya Polisi ya Uganda, Kampala.

Kama karatasi zako ni za Kifaransa, Kiarabu au Kichina, tafuta tafsiri rasmi ya Kiingereza yenye mhuri. Tafsiri ya rafiki haipiti.

Kisha linganisha majina, herufi kwa herufi: cheti cha UCE (mtihani wa kidato cha nne, S4), cha UACE (wa kidato cha sita, S6), cha digrii, pasipoti na kitambulisho cha taifa. Cheti kimoja kikisema Nakato Sarah na kingine Sarah N. Kato, mfumo wa kompyuta hauna huruma, na karani naye hana. Tofauti ndogo, kama mpangilio wa majina, kwa kawaida hutatuliwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili. Jina likiwa limebadilika kabisa, utahitaji hati rasmi ya kubadili jina, na hiyo huchukua muda. Anza nayo kabla ya yote.

Usawa wa vyeti: UNEB kwanza, NCHE baadaye

Aliyesoma sekondari nje ya Uganda aanzie UNEB, Ntinda, kuomba ulinganifu wa matokeo. Mwenye KCSE, cheti cha sekondari cha Kenya, asishangae kuona inalinganishwa na UCE peke yake, kwa sababu mfumo wa 8-4-4 haukuwa na A-level, yaani kidato cha tano na cha sita. Mwenye vyeti viwili vya Tanzania, kidato cha nne na cha sita, avipeleke vyote kwa pamoja.

Digrii ya nje hupelekwa Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE, kule Kyambogo. Wanachoangalia kwanza ni kama chuo chenyewe kinatambuliwa katika nchi yake, halafu kama uliingia chuoni kwa sifa zinazokubalika. Ndiyo maana karatasi ya UNEB hutangulia: bila kujua sekondari yako ina uzito gani, hawawezi kusema ulistahili kuingia. Hesabu wiki, usihesabu siku. Na usiache vyeti halisi mahali popote. Peleka nakala zilizothibitishwa, halisi waonyeshe na uondoke nazo.

Mwenye digrii ya Makerere, Mbarara au IUIU (Chuo Kikuu cha Kiislamu Uganda) aliyeondoka kufanya kazi nje ataruka hatua hii. Akutane nasi kwenye inayofuata, maana huenda ndiyo itakayomsumbua.

Pengo la ualimu

Hapa ndipo wengi hukwama. BSc ya kompyuta au BIT (shahada ya teknolojia ya habari) si shahada ya ualimu. Shule binafsi inaweza kukupokea hivyo hivyo kwa kuwa ina haraka, lakini daftari la walimu halitakupokea, na serikali haiajiri asiye kwenye daftari.

Dawa yake ni stashahada ya uzamili ya elimu, ile watu wote wanaiita PGDE. Hutolewa Makerere, Kyambogo, IUIU Mbale na vyuo vingine, na vingine huifundisha wakati wa likizo za shule ili mwalimu aliye kazini asome bila kuacha ajira. Kabla ya kulipa ada uliza mambo mawili. Kwanza, programu hiyo bado iko hai kwenye orodha ya NCHE? Vibali vya programu huisha, na kuna waliomaliza masomo ndipo wakajua. Pili, ni masomo gani mawili ya kufundishia watakuandikia?

Hilo la pili ni zito kuliko linavyosikika. Mwalimu wa sekondari Uganda huhesabiwa kwa masomo mawili. ICT peke yake katika shule ndogo haijazi ratiba, hivyo mkuu wa shule atauliza, "Na lingine?" Ukijibu hisabati au fizikia, mazungumzo yanaendelea. Angalia transkripti yako: kama una kozi za kutosha za hisabati, hakikisha PGDE inaitaja.

Kwa msomaji wa Kiswahili kuna njia ambayo wengi hawaioni. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 uliweka Kiswahili kuwa somo la lazima S1 na S2, na walimu wake ni wachache. Huwezi kusajiliwa kwa kukizungumza tu. Lakini shule binafsi yenye pengo la Kiswahili itamtazama kwa jicho jingine mwalimu wa kompyuta aliyekulia Mombasa au aliyefanya kazi Arusha. Kiandike kwenye barua ya maombi, mstari wa juu.

Usajili wa mwalimu

Wizara ya Elimu na Michezo husajili walimu kupitia mfumo wa mtandaoni uitwao TMIS. Andaa NIN (namba ya kitambulisho cha taifa), namba zako za mtihani za UCE na UACE pamoja na miaka yake, vyeti vyote vilivyopigwa skana vizuri, na barua za NCHE na UNEB kama zinakuhusu.

Maombi mengi hurudishwa kwa sababu za kijinga: picha ya cheti iliyopigwa kwa simu na kivuli cha mkono juu yake, namba ya mtihani yenye tarakimu moja iliyopotea, jina lisilolingana na lile la NIRA, mamlaka ya vitambulisho. Tumia skana halisi ya duka la kopi. Nukta 300 kwa inchi zinatosha, cheti kikae sawasawa, na kila faili ipewe jina linaloeleweka. Usitume "skani1" hadi "skani9" kisha umlaumu karani.

Wakati huohuo shughulikia TIN, namba ya mlipakodi ya mamlaka ya mapato URA, na namba ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Ni za bure, na shule itakuuliza siku ya kwanza.

Nafasi ziko wapi, na lini

Serikali huajiri walimu wa sekondari kupitia Tume ya Utumishi wa Elimu, ESC. Matangazo huwekwa kwenye tovuti yake na magazetini, na maombi hufanywa mtandaoni. Mwenye digrii huingia kama Afisa Elimu, daraja U4. Mwenye diploma kama Afisa Elimu Msaidizi, U5. Tangu Julai 2022 mwalimu wa sayansi mwenye digrii hulipwa shilingi milioni 4 kwa mwezi, ndiyo sababu nafasi moja hupiganiwa na watu wengi. Soma tangazo lenyewe uone kazi ya ICT imewekwa kwenye daraja la sayansi au la, usitegemee maneno ya mtaani. Kutuma maombi ESC hakulipiwi. Anayekuahidi nafasi kwa "kitu kidogo" anauza hewa.

Kwa kuwa matangazo hayo huja kwa vipindi, usikae nyumbani ukiyasubiri. Tafuta shule binafsi huku umesajiliwa na uko tayari.

Shule binafsi hazitangazi sana. Nafasi hupita kwa simu, kwa vikundi vya WhatsApp vya walimu wa somo, na kwa mtu kufika mlangoni. Wakati mzuri ni wiki za mwisho za muhula wa tatu, yaani Novemba na mapema Desemba, na tena Januari kabla shule hazijafunguliwa. Kuna dirisha lingine dogo matokeo ya UCE yakishatoka na S5 wakianza kuingia: shule iliyotarajia wanafunzi 60 inapata 110, na vipindi vya Sub ICT, yaani ICT kama somo dogo la A-level, vinaongezeka ghafla. Ukipita katikati ya muhula wa pili utaambiwa "acha karatasi zako."

Shule za kimataifa za Kampala na Entebbe ni soko jingine kabisa. Nyingi hufundisha mtaala wa Cambridge: Computer Science 0478 kwa IGCSE na 9618 kwa A-level, ambako kuandika programu na msimbo wa mfano (pseudocode) hupewa uzito mkubwa, au ICT 0417 iliyo karibu na kazi za ofisi. Mwaka wao huanza Agosti au Septemba, na usaili huanza mapema mwaka huohuo. Hapa vyeti vya polisi vya nchi zote ulikoishi ni lazima, na uzoefu wako wa nje una thamani ambayo shule ya kawaida ya Mubende haitaupa.

Jua mtihani kabla ya usaili

Kila mwanafunzi wa A-level huchukua hisabati ndogo au Sub ICT pamoja na General Paper. Anayesoma hisabati kama somo kuu huchukua Sub ICT. Ukifaulu somo hilo dogo unapata pointi moja tu, na pointi kamili za UACE ni 20. Moja inaonekana kidogo mpaka ukumbuke kwamba inawagusa karibu nusu ya darasa au zaidi, na kwamba wanaowania udhamini wa serikali hutenganishwa na tofauti ndogo. Mkuu wa shule anazijua pointi hizo kwa kichwa. Wewe pia uzijue.

Sub ICT, yaani S850, ina karatasi ya nadharia na ya vitendo: kuandika nyaraka, lahajedwali, hifadhidata, wasilisho, chapisho, ukurasa wa wavuti. Huko chini, S1 hadi S4, mtaala mpya unapima umahiri: tathmini endelevu ya shule ina asilimia 20 na mtihani wa UNEB 80. Watahiniwa wa kwanza wa UCE kwa mtaala huo walifanya mtihani mwaka 2024. Kama uliondoka nchini kabla ya 2020, shusha silabasi ya NCDC, kituo cha taifa cha mitaala, uisome yote. Maneno kama "shughuli ya ujumuishaji" (activity of integration) yatatajwa kwenye usaili, na kimya chako kitasikika.

Somo la majaribio

Shule nyingi zitakupa dakika 40 na darasa usilolijua. Umeme unaweza kukatika, na mara nyingine mkuu wa taaluma anataka aone utafanya nini ukikatika. Beba chaki zako, karatasi ya manila, na kadi moja ya RAM iliyokufa ili izunguke mikononi mwa wanafunzi.

Chagua jambo dogo lenye kosa ndani yake. Lahajedwali ni chaguo zuri. Chora jedwali la muuza rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai: safu A siku, safu B idadi alizouza, na bei ya rolex moja, 2,000, kwenye seli E1. Kwenye C2 andika =B2*E1, jibu linatoka sawa. Inakili kwenda C3. Jibu linakuwa sifuri. Nyamaza. Waache wabishane. Fomula imeteleza ikawa =B3*E2, na E2 ni tupu. Sasa ndipo unaleta alama ya dola, =B2*$E$1, na hakuna atakayeisahau. Kosa hilohilo huwanyang'anya watahiniwa alama kila mwaka, na linafundishika kwenye ubao bila umeme.

Baada ya somo unaweza kupelekwa maabara, "utuangalizie mashine ile." Usianze kwa kusema inahitaji kompyuta mpya. Mashine inalia lakini haionyeshi kitu: zima, chomoa waya, toa RAM, isugue miguu ya shaba kwa kifutio cha penseli, irudishe mpaka ibane. Vumbi la barabara ya murram hufanya kazi yake. Mashine inawaka lakini tovuti zote zinakataliwa: tazama saa yake. Kama imerudi nyuma miaka kadhaa, betri ya CR2032 kwenye ubao mama imekufa, na kivinjari hukataa tovuti salama tarehe ya mashine ikiwa ya uongo. Betri hiyo inapatikana duka lolote la vifaa vya umeme mjini.

Mshahara na mkataba

Uliza kiasi kabla ya makato au baada, maana hapo ndipo maneno hugeuka. Chukua mfano wa shule binafsi inayosema 600,000 kwa mwezi. PAYE, kodi ya mshahara: shilingi 235,000 za kwanza hazitozwi, na juu ya 410,000 hesabu ni 25,000 pamoja na asilimia 30 ya kilichozidi. Kwa 600,000 inakuwa 25,000 na 57,000, jumla 82,000. NSSF yako asilimia 5 ni 30,000. Unabaki na 488,000. Mwajiri anaongeza asilimia 10 yake, 60,000, kwenye akaunti yako ya NSSF, na hilo ni jukumu lake hata kama ana wafanyakazi wawili tu. Baada ya miezi miwili ingia kwenye akaunti yako uone kama fedha zinaingia kweli.

Kwa milioni 4 ya serikali PAYE ni 1,102,000. Kodi ya huduma za mitaa nayo, 100,000 kwa mwaka, hukatwa mwanzoni mwa mwaka wa fedha. Mwalimu wa serikali yuko kwenye pensheni, hakatwi NSSF.

Sheria ya Ajira ya 2006 inamtaka mwajiri akupe maelezo ya kazi kwa maandishi ndani ya wiki 12, na muda wa majaribio hauzidi miezi 6, unaoweza kuongezwa mara moja kwa makubaliano. Shule nyingi hulipa kwa muhula na kuinyima likizo mshahara. Uliza waziwazi: Desemba na Januari ninalipwa?

Jambo la mwisho la mkataba ni mipaka ya kazi. Mwalimu wa kompyuta hugeuzwa karani wa shule bila kuulizwa: kuchapa mitihani ya walimu wote, kutoa ripoti za muhula, kusajili watahiniwa wa UNEB mtandaoni, na kutengeneza simu ya mwenyekiti wa bodi. Usajili wa watahiniwa usiuchukulie kirahisi. Jina likiandikwa vibaya, mzazi atakuja kwako wewe. Ukikubali kazi hiyo, iwe na vipindi vichache au posho, na kila mtahiniwa asaini karatasi yenye jina lake kabla hujatuma.

Wiki mbili za kwanza

Hesabu mashine zinazowaka, si zilizopo. Hesabu umeme pia: kompyuta ya mezani na skrini yake huchukua takribani wati 120, hivyo 30 ni wati 3,600. Jenereta ya kVA 5 hutoa kama wati 4,000, na hapo umebaki na nafasi ndogo. Ukiwasha printa ya leza, inapopasha moto huvuta wati mia kadhaa kwa mkupuo, na jenereta inazimika katikati ya mtihani. Printa ipewe laini yake, au ichape baada ya mashine nusu kuzimwa. Isiunganishwe kamwe na UPS ndogo.

Zuia flashi za wanafunzi, au tenga mashine moja ya kuzikagua kwanza. Andika kwenye daftari kila mashine na namba yake, RAM, na kasoro.

Fanya zoezi la mtihani wa vitendo muhula mmoja kabla, kwa zamu, kama UNEB itakavyofanya. Kazi za watahiniwa zimekuwa zikiandikwa kwenye CD, na msiba wa kawaida ni huu: mwanafunzi anaburuta njia ya mkato badala ya faili, CD inaandikwa, inafungwa, inaonekana nzuri, na ndani hakuna kitu. Fundisha kila mmoja afungue CD yake kwenye mashine nyingine, sio ileile aliyoiandikia, aone faili inafunguka na ukubwa wake si kilobaiti moja. Na ununue kiandishi cha CD cha ziada, kile cha nje cha USB. Kompyuta ndogo nyingi za sasa hazina nafasi ya diski, na siku ya mtihani dukani huwa havipo.